Hewa ukaa chini ya bahari: tusichanganye mambo

Dodoma tuko mbali na bahari, lakini habari za kuzika chini yake hewa ukaa, gesi ya viwandani inayoongeza joto duniani, zimefika hadi vijiweni, na zimefika zimepinda.

Wapo wanaodhani gesi inamwagwa majini. Haimwagwi. Inashindiliwa kupitia kisima hadi ndani ya mwamba, mamia hata maelfu ya mita chini ya sakafu ya bahari. Norway wameanza mwaka 1996 pale Sleipner, eneo lao la gesi baharini, na kwa miaka mingi walizika karibu tani milioni moja kila mwaka.

"Basi huko chini kuna pango kubwa!" Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Maji tunayoletewa kutoka visima vya Mzakwe nayo hayatoki kwenye ziwa lililojificha. Yamo kwenye vitundu vya mchanga na nyufa za mawe. Lidondoshee jiwe la mchanga tone la maji uone linavyonywewa. Gesi nayo huingia hivyo, na juu yake kuna tabaka la mwamba wa tope lililobana, lisilopitisha. Kadiri miaka inavyokwenda, sehemu yake huyeyuka kwenye maji chumvi ya humo mwambani, na nyingine hugeuka madini.

Kulipuka je? Hewa ukaa haiwaki. Imo kwenye baadhi ya mitungi ya kuzimia moto. Maafa ya Ziwa Nyos, Cameroon, mwaka 1986, yaliyoua watu wapatao 1,700, yalitokana na hewa ukaa iliyojikusanya ndani ya maji ya ziwa, si iliyozikwa mwambani. Hatari ya kweli ni visima vya zamani vilivyozibwa vibaya, gesi ikavujia humo, na shinikizo kuzidi mwambani. Kwenye mradi mwingine, Snøhvit, hukohuko Norway, shinikizo lilipanda haraka kuliko walivyotarajia, ikabidi wahamie mwamba mwingine.

Wala hii si biashara ya kaboni inayowalipa Wahadza wa Yaeda kwa kutunza misitu. Mgeni akija kijijini na mkataba, muulizeni anazungumzia ipi.

Na anayesema sasa tuchome makaa tutakavyo, apige hesabu: nishati ya makaa, mafuta na gesi hutoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ukaa kwa mwaka. Zingehitajika Sleipner 35,000.

Mimi kuzika huku naona kuna maana kwenye saruji, hii tunayojengea Dodoma kila kona. Mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa ukaa yenyewe, hata tanuri likiwashwa kwa umeme. Gesi ya kiwanda cha saruji cha Brevik, Norway, ilianza kuzikwa mwaka 2025, mita 2,600 chini ya sakafu ya Bahari ya Kaskazini.