Ulezi wa kiroho kwa Wayahudi: tunavyoudhania na ulivyo

Kazi yangu ni kukaa na wagonjwa hospitalini, huku Marekani, kama mhudumu wa kiroho. Zamu zangu nyingi nashirikiana na mama mmoja wa Kiyahudi, mwalimu mstaafu wa hisabati, ambaye huu ni mwaka wake wa pili akisomea ulezi wa kiroho katika mapokeo ya dini yake. Nikiwasimulia ndugu zangu wa Tanzania, majibu huwa yale yale. "Kumbe anataka kuwa rabi?" "Hayo si ndiyo mambo ya Kabala?" "Mbona huo ni utaratibu wetu sisi Wakatoliki?" Nimeyajibu kwa simu mara nyingi mno, na leo nimeona niyaandike, kwa sababu dhana hizi zinaficha kitu kizuri ambacho ningependa watu wangu wakione.

Ulezi wa kiroho ni kukaa na mtu na kumsikiliza anapoeleza maisha yake na Mungu. Kwa Kiebrania shughuli yenyewe huitwa hashpa'ah. Anayeifanya ni mashpia, na akiwa mwanamke, mashpi'ah.

"Ni rabi kwa jina jingine"

Sivyo. Rabi amesomea sheria. Anafundisha Torati na Talmudi, yaani mkusanyo wa kale wa mijadala ya wahenga juu ya sheria na mafundisho, anaamua kilicho halali na kisicho halali, anafungisha ndoa, anaketi barazani kupokea wanaoingia katika dini. Sisi wa Afrika Mashariki tunao mfano wa karibu: Gershom Sizomu, wa jumuiya ya Abayudaya wanaoishi pembezoni mwa Mbale, Uganda, alikwenda Los Angeles akasoma kwa miaka kadhaa na kupata smikha, yaani idhini ya urabi, mwaka 2008, kisha akarudi kwa watu wake. Hiyo ndiyo njia ya rabi.

Mashpia haulizwi kama sufuria hii bado ni halali kupikia. Anaulizwa jambo jingine, na mara nyingi haulizwi kitu. Mtu anakuja, anakaa, anaeleza jinsi anavyoishi na Mungu wake, au jinsi asivyomwona Mungu popote kwa sasa. Wapo marabi ambao pia ni mashpia, na wapo mashpia ambao ni wauguzi, mafundi, walimu wa hisabati.

"Mashpia anakuambia Mungu anataka nini"

Hili ndilo kosa kubwa, na linaeleweka, maana tumezoea viongozi wa dini wanaotuambia la kufanya. Neno lenyewe linapinga. Mashpia limetoka kwenye mzizi mmoja na shefa, yaani wingi unaofurika na kumwagika kutoka juu. Wanafalsafa wa Kiyahudi walioandika kwa Kiarabu walitumia neno fayd, mfuriko. Samuel ibn Tibbon alipoigeuza kazi kubwa ya mwanafalsafa Musa bin Maimoni kutoka Kiarabu kwenda Kiebrania, na akaimaliza mwaka 1204, fayd likawa shefa. Kwa hiyo mashpia ni anayesaidia maji yapite. Mwenye mfereji hatengenezi maji. Anazibua.

Habari wanayoitegemea sana katika mafunzo ni ya Eli na Samweli. Mtoto amelala hekaluni, anasikia anaitwa, anakimbia kwa mzee: "Mimi hapa, umeniita." Mzee anamrudisha kulala. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu ndipo Eli anang'amua ni nani anayeita, na tazama anavyofanya: haendi kusikiliza kwa niaba ya mtoto, wala hamwambii ujumbe utakuwa nini. Anamwambia akalale, na akiitwa tena aseme, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Kisha anabaki chumbani mwake. Ujumbe uliokuja usiku ule ulikuwa wa hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe, na asubuhi alimsihi mtoto asimfiche hata neno moja. Mimi nilihubiriwa habari hii tangu shule ya Jumapili, na sikuwahi kumtazama Eli. Nilimtazama Samweli tu.

Mwenzangu ndiye aliyenionyesha kwamba Eli huyo huyo, sura mbili tu nyuma, alikosea vibaya. Hana yuko Shilo, anaomba kwa uchungu, midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani anamtazama na kumkemea: "Je! Utakuwa mlevi hata lini? Achilia mbali divai yako." Alikuwa na macho, akayaamini kuliko masikio. Wahenga wa Talmudi walijifunza sheria za sala kutokana na Hana, hadi leo Myahudi husali sala yake kuu kwa midomo inayocheza na sauti ya chini. Walijifunza jambo hata kwa kosa la Eli: aliyemshuku mwenzake pasipo haki ni lazima amtulize moyo, tena ambariki. Eli alifanya hivyo, akamwambia, "Enenda kwa amani." Darasani kwao wanazisoma sura hizi kwa pamoja, ya kukosea na ya kupatia, na mwanafunzi anaulizwa: wewe leo ulikuwa Eli yupi?

"Wameiga kwa Wakristo"

Hapa ukweli una pande mbili na sipendi kuuficha mmoja.

Upande wa kwanza: kozi za siku hizi, zenye mihula, usimamizi na cheti, zimejifunza mengi kwa Wakristo. Katika miaka ya mwisho ya 1990 chuo cha marabi cha Reconstructionist, tawi mojawapo la Uyahudi wa kisasa, huko Pennsylvania, kiliwaanzishia wanafunzi wake ulezi wa kiroho, na baada ya hapo zikaja kozi za kuwafunda walezi wenyewe. Baadhi ya Wayahudi wa mwanzo katika kazi hii walisomea kwanza kwenye nyumba za Kikristo, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na walimu wa namna hiyo. Hawaoni aibu kulisema.

Upande wa pili ni mrefu zaidi. Tangu karne ya 18, Wahasidi, Wayahudi wa vuguvugu la uchaji wa moyo huko Ulaya ya Mashariki, walikuwa wakifunga safari kwenda kuonana na rebe wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, ana kwa ana, mlango ukiwa umefungwa, wakiwa na kikaratasi chenye jina la mtu na jina la mama yake. Shneur Zalman wa Liadi, mmoja wa marebe hao, alipochapisha kitabu chake Tanya mwishoni mwa 1796, alieleza katika utangulizi kwamba waliokuja kutaka shauri ni wengi mno na muda wa kumjibu kila mmoja haupo. Hata hivyo alikiri kuwa kusoma kitabu si sawa na kusikia kwa masikio. Lithuania nako, kwa watu wasiopatana na Uhasidi, wafuasi wa Israel Salanter, aliyefariki 1883, walijenga utamaduni wa kuchunguza tabia na moyo, na vyuo vyao vya Talmudi vikawa na mlezi maalumu wa wanafunzi, mashgiakh rukhani, kando ya mwalimu wa masomo.

Ukirudi nyuma zaidi, unamkuta Abraham, mwana wa yule Musa bin Maimoni (1186–1237), kiongozi wa Wayahudi wa Misri, akiandika kwa Kiarabu na kusema waziwazi kwamba Masufi wa Kiislamu wamezihifadhi njia za manabii wa Israeli ambazo Waisraeli wenyewe wamezisahau. Ndugu zetu wa pwani waliokulia kwenye twarika watajisikia nyumbani hapo.

Daraja kati ya ya kale na ya sasa ni mtu mmoja hasa: Zalman Schachter-Shalomi (1924–2014). Alizaliwa Poland, akakulia Vienna, akawakimbia Wanazi, na mwaka 1947 akapata urabi katika chuo cha Walubavitch, tawi mojawapo la Wahasidi, Brooklyn. Baadaye aliachana na njia yao, akaanzisha vuguvugu linaloitwa Jewish Renewal. Utafiti wake wa udaktari, alioumaliza mwaka 1968, ulihusu yale mazungumzo ya faragha kati ya rebe na mfuasi wake: kinachosemwa, kinachonyamaziwa, na namna shauri linavyozaliwa. Leo ALEPH, taasisi ya vuguvugu hilo, ina mafunzo ya hashpa'ah. Kwa hiyo ukiniuliza, nitakujibu kwamba darasa wamelijenga kwa kutazama kwa jirani. Kisima ni chao.

"Si uganga huo?"

Hakuna kupiga ramli wala hirizi. Kumbukumbu la Torati 18 linakataza uaguzi kwa maneno makali, na mashpia hasomi nyota ya mtu. Kabala, elimu ya mafumbo ya Kiyahudi, inasomwa katika kozi kadhaa kama elimu ya namna neema inavyoshuka. Nyuzi nyekundu za mkononi zinazouzwa kwa watalii hazihusiani na haya.

"Ni ushauri nasaha wenye aya za Biblia"

Zinafanana kwa nje: watu wawili, viti viwili, saa moja, siri. Tofauti ni swali. Mshauri nasaha anakuja na swali la jeraha: nini kinauma, kilianza lini, tukiondoeje. Mwenda kwa mashpia anaweza kuja akiwa mzima kabisa, kwa kawaida mara moja kwa mwezi, na swali ni: katika haya yote, Mungu yuko wapi, na wewe unamjibuje? Hata furaha inapewa saa nzima. Hasira kadhalika. Levi Yitzchak wa Berditchev, rebe wa karne ya 18, anakumbukwa kwa kumshitaki Mungu mbele ya watu kwa ajili ya mateso ya Israeli, na hakuna anayemwita kafiri. Mtu akisema "simwamini tena," mlezi hamkatizi.

Kozi hizi zinasisitiza mipaka, na hapo nakubaliana nazo kwa moyo wote. Mwanafunzi anafundishwa kuzitambua dalili za sonona, ulevi, kipigo cha nyumbani, mawazo ya kujiua, na kumpeleka mtu kwa wataalamu bila kuchelewa. Nimeona mahali pengi, kwa dini zote, mgonjwa akiombewa wakati alihitaji daktari.

"Ukisoma vya kutosha, umefuzu"

Vitabu vipo, tena vingi. Zaburi, Talmudi, mafundisho ya Kihasidi, na hata kitabu cha Bahya ibn Paquda wa Zaragoza juu ya wajibu wa moyo, kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 11. Vinasomwa kwa khevruta, wawili wawili wakibishana juu ya mstari mmoja. Lakini nyingi kati ya kozi hizi huchukua miaka miwili au mitatu, na muda huo hauliwi na vitabu.

Unaliwa na viti vitatu. Mmoja anasema jambo la kweli la maisha yake, wa pili anasikiliza, wa tatu anamtazama anayesikiliza. Mwenzangu alinisimulia zoezi lake la kwanza. Hakunieleza yule aliyekuwa akisema alisema nini. Hayo hayatoki chumbani. Alinieleza la kwake tu. Alidhani amesikiliza vizuri, ametikisa kichwa panapostahili, hakukatiza. Walipomaliza, wa tatu alimwambia jambo moja: "Dakika ya nne ulichukua penseli."

Hakukumbuka kuichukua. Miaka thelathini ubaoni imemfundisha kwamba mtu akikuletea tatizo, unashika kalamu. Alikuwa ameshaanza kulitatua, na mwenzake, alipoona penseli, alifupisha maneno. Mama huyu alilia akirudi nyumbani, maana aliwakumbuka wanafunzi wake, na watoto wake wa kuzaa.

Baada ya zoezi huja kazi halisi. Anapewa watu wa kuwalea, na kila baada ya kikao anaandika mazungumzo kadiri anavyoyakumbuka, bila jina, ayapeleke kwa msimamizi. Msimamizi haulizi kama yule mtu alisaidika. Anauliza: hapa palipokuwa kimya, nani alikivunja, na kwa nini? Nabii Eliya mlimani hakumkuta Mungu katika upepo, wala tetemeko, wala moto. Baada ya moto ilikuja "sauti ndogo, ya utulivu." Kiebrania chake, kol demama daka, kinakaribia kusema sauti ya ukimya mwembamba. Wiki nzima walikaa na maneno hayo matatu.

"Wayahudi wote wanafanya hivi"

Hapana. Vyeti vya hashpa'ah ni vya vuguvugu za kisasa zaidi, na wengi wa Wayahudi wa Orthodoksi, wanaoshika sheria za kale kwa ukamilifu, hawavitambui. Kwa Walubavitch mashpia ni mtu mwingine kidogo: mwalimu wa mafundisho ya Kihasidi anayewalea vijana chuoni na kuketi nao usiku wa nyimbo na mazungumzo, asiye na cheti chochote. Rebe wao wa mwisho, Menachem Mendel Schneerson (1902–1994), alihimiza kila mtu, wanaume kwa wanawake, ajichagulie mshauri wa namna hiyo, akishika agizo la Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya wahenga: "Jifanyie mwalimu, jipatie rafiki." Pande zote mbili zinaushika mstari huo. Wanabishana nani anastahili kuwa mwalimu.

"Anayelea wengine amekwisha kufika"

Talmudi inasimulia habari za Rabi Yohanan, mtu ambaye mkono wake uliinua wagonjwa. Siku moja akaugua yeye. Rabi Hanina akaenda kumwona, akamuuliza kama anayapenda mateso yake. Akajibu: siyapendi, wala thawabu yake siitaki. "Nipe mkono wako." Akampa, akamwinua. Wahenga wakauliza, kwa nini Yohanan hakujiinua mwenyewe? Wakajibu kwamba mfungwa hajitoi gerezani.

Ndiyo maana kila anayesomea hashpa'ah ni lazima awe na mashpia wake, na inatazamiwa aendelee naye hata baada ya cheti. Mwenzangu humwendea wa kwake Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, mwendo wa dakika arobaini kwa gari, hata theluji ikiwa imejaa barabarani. Siku hiyo zamu yake ya jioni naishika mimi.