Nani alifanya, na saa ngapi: dhana potofu kuhusu saa na ukaguzi katika Linux

Mtu aliyewahi kukaa na kumbukumbu za seva baada ya jambo kuharibika anajua kwamba maswali ni mawili: nani alifanya, na saa ngapi. Katika Linux, majibu yote mawili yanatunzwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia programu zote, na programu ya kawaida haina ruhusa ya kuyagusa. Hata hivyo, miongoni mwa wasimamizi wa mifumo wenyewe, kuna mambo yanayoaminiwa ambayo si kweli.

Dhana: Amri ya date ikionyesha saa mpya, saa imebadilika.

Ukweli: Mtumiaji wa kawaida akiandika date -s "2020-01-01 08:00", hupata ujumbe wa kukataliwa, kisha mstari unaofuata humwonyesha tarehe ile ile aliyoiomba, kana kwamba imekubaliwa. Akiandika date peke yake ataona saa haikusogea. Kerneli ilikataa mwito wa clock_settime, yaani ombi la kuweka saa, kwa sababu programu haikuwa na uwezo uitwao CAP_SYS_TIME. Ninasema uwezo, wala sisemi root (mtumiaji mkuu wa mfumo), kwa makusudi: tangu toleo la 2.2 la kerneli mamlaka ya root yamegawanywa vipande, ndiyo maana root aliye ndani ya kontena la Docker (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu), kwa mipangilio ya kawaida, hawezi kuisogeza saa hata kwa sekunde moja.

Dhana: Kubadilisha ukanda wa saa ni kubadilisha saa.

Ukweli: Kerneli huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa UTC. Saa 3 za ziada za Nairobi au Dar es Salaam huongezwa na programu wakati wa kuonyesha tu, na mtumiaji yeyote anaweza kujiwekea TZ yake, yaani kigezo cha ukanda wa saa, bila kuomba ruhusa.

Dhana: Ukishakuwa root kwa amri ya su au sudo, jina lako limepotea.

Ukweli: Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu huwafanya watu wakate tamaa ya kutafuta aliyehusika. Mtu anapoingia, moduli ya pam_loginuid huandika namba yake ya mtumiaji kwenye mchakato wake (programu inayoendeshwa), na kila mchakato unaozaliwa humo huirithi. Ingia kama mtumiaji namba 1000, andika sudo -i, kisha id -u: utapata 0, namba ya root. Sasa soma /proc/self/loginuid: bado ni 1000, na kumbukumbu ya ukaguzi itaandika auid=1000 (aliyeingia) pamoja na uid=0 (anayetenda sasa). Tahadhari ipo, lakini. Huduma iliyoanzishwa na mfumo wenyewe huwa na 4294967295, yaani hakuna aliyeingia, na root mwenye CAP_AUDIT_CONTROL, uwezo wa kusimamia ukaguzi, anaweza kuibadilisha namba iliyokwisha kuwekwa, isipokuwa msimamizi awe ameifunga mapema kwa amri ya ukaguzi, auditctl --loginuid-immutable.

Dhana: Ukirudisha saa nyuma, unaficha tendo.

Ukweli: Kila tukio la ukaguzi hubeba sekunde na namba ya mfuatano, kwa mfano 1700000000.123:4571. Saa ikirudishwa nyuma, sekunde zitapungua, lakini tukio linalofuata litakuwa 4572, kwa kuwa namba hiyo haifuati saa. Huanza upya mashine inapowashwa tu. Kanuni ya ukaguzi inayonasa miito ya kubadilisha saa, yaani adjtimex, settimeofday na clock_settime, itaandika pia kitendo chenyewe cha kuisogeza saa, mradi iwekwe kwa b64 (programu za biti 64) na kwa b32, maana wengi huisahau ya pili na kuacha mlango wazi kwa programu za biti 32. Baada ya hapo auditctl -e 2 huzifunga kanuni hizo, hata kwa root, hadi mashine iwashwe upya. Kisichozuiwa na haya yote ni root kufuta faili lenyewe kwenye diski, na kwa hilo inabidi kumbukumbu zitumwe kwenye seva nyingine papo hapo zinapoandikwa.