Rangi za moto na moshi: yanayoaminika kuhusu kuchoma vyungu kwenye pipa, na ukweli wake

Chungu kinatoka kwenye pipa kikiwa na wekundu wa embe bivu upande mmoja, weusi tii upande wa pili, na katikati utepe wa rangi ya damu ya mzee. Anayekiona kwa mara ya kwanza huuliza kimepakwa rangi gani. Hakikupakwa rangi yoyote. Kutokana na swali hilo zimezaliwa imani nyingi ambazo kila msimu zinawagharimu wafinyanzi wapya wa Dar es Salaam udongo, kuni na afya.

“Ukitaka rangi nyingi, weka dawa nyingi.”

Kinachotawala rangi kuliko vyote ni hewa. Udongo mwekundu una chuma ndani yake. Moto ukipata hewa ya kutosha, chuma hicho hubaki chekundu au rangi ya chungwa. Hewa ikibanwa, hugeuka kijivu na hatimaye cheusi. Weusi mzito wenyewe ni kaboni ya moshi iliyoingia kwenye vitundu vya udongo, nayo hukaa pale tu chungu kilipofukiwa kwenye majivu na maranda kikiwa kinapoa. Sehemu iliyochomoza nje ikiwa bado na moto mkali huunguza kaboni yake yote na kurudi kuwa nyekundu.

Juu ya msingi huo ndipo viungo vingine hufanya kazi, tena kwa kiasi kidogo. Chumvi ya mawe huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, na mvuke wake ukikutana na chuma huleta rangi ya chungwa na waridi. Mrututu, ule wa bluu ambao wakulima huutumia kuzuia ukungu wa mazao, una shaba: penye hewa finyu hutoa wekundu wa damu ya mzee, penye hewa hutoa kijani au weusi. Kwa pipa la lita 200, nusu kilo ya chumvi na gramu 100 hadi 150 za mrututu zinatosha. Ukizidisha, chungu kinafunikwa na ukoko wa kijivu usiotoka hata kwa brashi.

Kipimo kizuri cha kujifunzia ni waya. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme uliochunwa plastiki yote, uzungushe kwenye shingo ya chungu bila kukaza, kisha choma. Unapokifuta chungu majivu utaona mstari mweusi mwembamba pale waya ulipogusa, na kandokando yake wingu jekundu linalofifia kuelekea nje. Upana wa wingu hilo unakuonyesha mvuke wa shaba ulisafiri umbali gani. Ukishauelewa, huna haja ya kumwaga mrututu ovyo.

“Ni bahati tu, huwezi kupanga.”

Alama yenyewe huwezi kuichora, lakini eneo lake unaweza kulipanga. Pipa liwe na matundu kama 12 ya upana wa sentimita 2, kwa safu mbili, safu ya chini ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye kitako. Tandika maranda ya seremala unene wa sentimita 15. Nyunyiza chumvi na mrututu, kisha panga vyungu, na vile unavyovitaka vyeusi uvizamishe zaidi. Jaza nafasi kwa makumbi ya nazi, samadi kavu na maganda ya ndizi yaliyokauka. Juu yake panga kuni nyembamba mpaka mdomoni. Washa kutoka juu, ili moto ushuke polepole. Waka wa saa moja hadi mbili unatosha. Kuni zikishageuka makaa, funika na uache mpaka kesho yake.

Pipa lisiwe lililobeba kemikali. Nunua lililokwisha kukatwa mdomo, kisha lichome tupu mara moja ili mabaki ya mafuta yaishe. Kukata mwenyewe pipa lililofungwa lenye harufu ya mafuta ni kujitafutia mlipuko.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kufunua mapema. Udongo una kwazi, madini magumu yaliyo pia kwenye mchanga, na kwazi hubadili ujazo wake ghafla kwenye nyuzi 573. Hewa baridi ikiingia chungu kikiwa karibu na joto hilo, utasikia mlio mkavu, na ufa umeshapita kutoka mdomoni hadi kitakoni. Funua pale tu pipa linaposhikika kwa mkono.

“Kikikauka ukigusa, kimekauka.”

Hewa ya Dar, hasa wakati wa masika, hubakiza maji ndani ya kuta nene hata baada ya wiki mbili. Weka chungu kwenye shavu lako: ukihisi ubaridi, maji bado yanatoka. Kwenye uchomaji wa kwanza, ule wa tanurini unaotangulia pipa, shikilia joto chini ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa na weka kipande cha kioo kwenye tundu la tanuri. Kikifanya ukungu, usiongeze moto. Maji yakichemka ndani ya ukuta wa chungu, mvuke wake hukipasua vipandevipande.

Uchomaji huo wa kwanza uishie kati ya nyuzi 900 na 1000. Chini ya hapo chungu ni dhaifu mno kwa pipa. Ukipanda sana, vitundu hujifunga na moshi hauna pa kuingia. Kina mama wa Kikisi kando ya Ziwa Nyasa huchoma mara moja tu, na kazi yao inasimama. Lakini udongo unaostahimili moto wa wazi una kokoto laini au vigae vilivyopondwa, na vyungu hupashwa joto taratibu kabla ya moto mkuu. Udongo laini wa dukani hauwezi kuigiza hilo.

“Mchanga ni mchanga.”

Hili linawaumiza hasa watu wa pwani. Mchanga wa ufukweni una vipande vya kombe, na mawe ya matumbawe ni jamaa yake. Watu wa mwambao wamechoma matumbawe kupata chokaa kwa karne nyingi, na ndicho kinachotokea ndani ya chungu chako. Kipande cha kombe hugeuka chokaa hai, chungu kinatoka kizuri, unakiweka kabatini. Baada ya siku chache chokaa hicho kimekunywa unyevu wa hewa na kuvimba, na kigamba cha ukubwa wa shilingi kinaruka ubavuni. Tumia mchanga wa mto uliochekechwa au vigae vilivyosagwa, na kama unachomea shimoni badala ya pipani, usizungushie shimo lako mawe ya matumbawe.

Na tukitaja shimo: maeneo ya mabondeni hayafai. Maji yako karibu na uso wa ardhi, na nusu ya kuni zako itaishia kuyachemsha.

“Kung'aa kunatoka kwenye vanishi.”

Vanishi huziba uhai wa rangi. Mng'ao wa kweli unatengenezwa kabla ya moto, kwa udongo laini kabisa uliochujwa. Koroga kilo 1.5 ya udongo mkavu kwenye lita 3.5 za maji pamoja na gramu 7.5 za sodiamu silikati, ile wanayotumia watengeneza sabuni ya mche. Acha itulie saa 20 bila kuisogeza, kisha nyonya kwa mpira maji ya udongo yaliyoko juu na uache tope la chini. Paka tabaka tatu nyembamba juu ya chungu kikavu na usugue kwa kitambaa laini kila baada ya tabaka. Uchomaji ukivuka nyuzi 1000, mng'ao unaanza kupotea. Udongo mweupe, kama kaolini ya Pugu, ukitumika kwa tabaka hili huonyesha waridi na wekundu vizuri kuliko udongo mwekundu. Ila kufinyanga chungu kizima kwa kaolini tupu haifai, kwa sababu kwenye joto hili inabaki laini kama chaki.

“Ni moshi wa kuni tu, hauna madhara.”

Chumvi ikichomwa penye unyevu hutoa gesi ya asidi, na mrututu ni sumu. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Inatakiwa yenye vichujio vya gesi za asidi, na hata ukiwa nayo simama upande upepo unakotoka. Ua ulio katikati ya nyumba zilizobanana si mahali pa kuchomea. Mbao zenye rangi, nguzo zilizotiwa dawa, plastiki na tairi visiingie pipani kabisa. Usifunike kwa bati jipya la kuezekea pia: zinki yake ikiungua hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka usiku huohuo. Mikoko iacheni ilinde pwani; matawi makavu ya mvinje na mwembe yanawaka vizuri.

“Kama bibi alipikia chungu, hata hiki kinafaa.”

Chungu cha bibi kilichomwa kwa kuni bila shaba wala dawa. Hiki kina mabaki ya shaba na vitundu wazi vinavyonyonya mchuzi. Kukisugua nta ya nyuki kunakipa mng'ao, lakini hakukigeuzi kuwa chombo cha chakula. Ni cha kutazama na cha maua makavu.

“Yote haya ni raku.”

Raku ni namna nyingine ya kuchoma vyungu. Ilianza Kyoto, Japani, katika karne ya 16, kwa ajili ya vikombe vya chai, na kule chungu hutolewa tanurini kikiwa chekundu kwa joto na kuachwa kipoe hewani. Kukitumbukiza kwenye pipa la maranda ni nyongeza ya Marekani, iliyoanza na Paul Soldner mwaka 1960. Raku hiyo ina glezi, yaani tabaka linaloyeyuka na kuwa kama kioo juu ya chungu, na huchomwa karibu na nyuzi 1000. Kuanzia koleo linaponyanyua chungu mpaka kifuniko kinaposhuka una sekunde chache tu, la sivyo shaba inarudi kijani. Hata ile iliyofanikiwa, yenye mng'ao wa shaba tupu, hufifia kidogokidogo shaba inaporudiana na oksijeni. Mnunuzi aambiwe hilo kabla hajatoa pesa yake.