Je, wajua kwa nini kabaila humwinamia mcheza ngoma katika filamu ya Kantara?

Katika Kantara, filamu ya Kikannada iliyotoka Septemba 2022, iliyoongozwa na Rishab Shetty ambaye pia ndiye mwigizaji mkuu, mwenye mashamba anasimama kwa unyenyekevu mbele ya mwanakijiji maskini, akingoja hukumu yake. Kwa nini?

Kwa sababu usiku huo aliyesimama pale si mwanakijiji tena. Ibada hiyo huitwa Bhuta Kola, na hufanyika hadi leo Tulu Nadu, pwani ya Karnataka kusini-magharibi mwa India. Mchezaji hupakwa rangi ya manjano usoni, huvaa makuti machanga ya mnazi kiunoni na njuga nzito miguuni, kisha hupandwa na daiva, yaani roho mlinzi wa kijiji. Kwenye filamu ni Panjurli, mwenye sura ya nguruwe pori, na Guliga, mkali asiyesamehe. Daiva akishapanda husikiliza mashtaka, huamua magomvi ya mipaka na kumkemea hata tajiri. Wachezaji hutoka jamii kama Nalike, Parava na Pambada, ambazo kwa karne nyingi zilibaguliwa na matabaka ya juu. Usiku ukiisha, heshima ile humtoka mchezaji pamoja na rangi.

Hapo ndipo filamu inapochimba. Mwaka 1847 mfalme anawapa wanakijiji ardhi ili apate jiwe wanaloliabudu kama Panjurli, na utulivu wa moyo. Mwaka 1970 mrithi wake anaidai ardhi na kuuliza: anayesema ni daiva au ni mchezaji tu? Mchezaji anakimbilia msituni na kutoweka. Kufikia 1990 kabaila Devendra, wa ukoo huohuo, ana mbinu nyingine: hapingi daiva, anataka kumnunua. Anamshawishi Guruva, mchezaji wa wakati huo, awaagize watu kwa kinywa cha Panjurli wamkabidhi ardhi yao. Guruva anakataa, naye anauawa.

Kwangu mimi tukio hilo lina uzito kuliko mapigano yote ya mwisho. Kijiji ambacho mashamba yake yanalindwa na neno la roho, anayekishika kinywa cha roho ndiye anayeishika hati. Guruva analijua hilo, na uaminifu wake kwa daiva ni uaminifu kwa majirani zake.

Ila filamu inaiachia mbingu kazi kubwa mno. Guliga anamuua kabaila, kisha daiva anaiunganisha mikono ya wanakijiji na ya maofisa wa misitu wa serikali, waliokuwa wakigombana nao juu ya msitu. Karnataka halisi ilihitaji sheria: marekebisho ya mwaka 1974 yaliwapa wapangaji wengi mashamba waliyokuwa wakiyalima kwa ajili ya makabaila, na pwani hiyo ilitikisika hasa. Wachezaji wenyewe walikumbukwa baada ya filamu kuvuma. Oktoba 2022 serikali ya jimbo ilitangaza posho ya rupia 2,000 kwa mwezi kwa waliovuka miaka 60.