Karani Hakukutukana: Kabla ya Kulalamikia Barua ya Kibulgaria

Msimu huu wa udahili kitengo chetu cha tafsiri kimepokea malalamiko mengi kuliko kawaida, na karibu yote ni wimbo mmoja. Vijana wanaokwenda kusoma udaktari Sofia, Plovdiv, Varna na Pleven, huko Bulgaria, wanasema ofisi za kule zinawaandikia "kama zinaamrisha watoto". Wengine wanatutaka turudie tafsiri tuilainishe. Hatutailainisha.

Sentensi inayolalamikiwa zaidi ni hii: Popalnete formulyara i go podpishete. Jaza fomu na uitie sahihi. Mwombaji aliyezoea barua za vyuo vya Uingereza anatafuta could you, anatafuta we would be grateful, haoni kitu, basi amedharauliwa. Ndugu mwombaji, heshima umeipita njiani. Imekaa kwenye ile -te mwishoni mwa kitenzi. Rafiki au mtoto angeambiwa popalni, podpishi. Hiyo -te inakwenda na Vie, nafsi ya wingi anayopewa mtu mmoja anayeheshimiwa, na katika barua Vie huandikwa kwa herufi kubwa. Shikamoo yako imo humo.

Kiingereza chombo hicho kilikipoteza. Thou ilipotoka katika usemi wa kawaida, profesa na muuza samaki wote wakabaki you, kwa hiyo Mwingereza huipitisha adabu kwa kuzunguka: anakuuliza kama unaweza, au anajifanya anawaza tu. Mbulgaria naye akitaka kuzunguka ana bihte li, "je, ungeweza", lakini kwa jambo la kawaida la ofisini kitenzi chenye -te kinamtosha. Kwamba umbo la sentensi ni kitu kimoja na kazi inayofanya ni kitu kingine, hilo linajulikana tangu mihadhara ya mwanafalsafa wa lugha J. L. Austin pale Harvard mwaka 1955, sirudii.

Kinyume chake pia kinaumiza. Mwanafunzi mmoja aliandika Kiingereza chake kizuri cha kujikunja kuuliza habari za bweni: I was just wondering whether it might perhaps be possible... Jibu likaja mstari mmoja: Kakvo tochno zhelaete? Sisi tukamtafsiria "Unataka nini hasa?" Alikuja ofisini simu mkononi, machozi yanamlenga. Hapo kosa lilikuwa letu, nakiri. Zhelaete ina -te, na kitenzi chenyewe ni cha adabu kuliko iskam, "nataka" ya kila siku. Ilipasa iwe "Ungependa nini hasa?" Yule karani hakuona ombi lolote, akauliza kwa staha.

Anayesema watu hawa hawana maneno mazuri akasikilize zapovyadayte. Asili yake ni amri, lakini ndiyo karibu yao: karibu ndani, karibu kiti, karibu chai, chukua chenji yako. Mwingereza anahitaji misemo minne kwa kazi hiyo. Ukinunua viatu vipya utaambiwa chestito, hongera; ukitoka kuoga, chestita banya, hongera ya kuoga. Kwa Kiingereza hapo hakuna cha kusema, kama ambavyo hakuna cha kusema mahali petu pa "pole na kazi".

Sasa jambo zito, ambalo cha ajabu halijalalamikiwa na yeyote. Ivan otkradna parite: Ivan aliiba pesa, nami nathibitisha. Ivan otkradnal parite: Ivan, nasikia, aliiba pesa. Tofauti ni herufi moja, na katika Kiswahili lazima tuongeze "inadaiwa". Mteja akitufutia "inadaiwa" kwa sababu "inarefusha", ameugeuza uvumi kuwa tuhuma. Kanuni ya Adhabu ya Bulgaria inahesabu tusi kuwa kosa katika kifungu cha 146, na kashfa, ikiwamo kumsingizia mtu uhalifu, katika kifungu cha 147. Aliyetukanwa akirudisha tusi papo hapo, mahakama inaweza kuwasamehe adhabu wote wawili. Kwa kashfa, ukweli ukithibitishwa hakuna adhabu. Tusisitize: haya ni maelezo ya jumla, si ushauri wa kisheria.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Malalamiko yaletwe kwa maandishi pamoja na nakala ya barua ya asili, kurasa zote, si picha ya skrini iliyokatwa muhuri. Neno linalobishaniwa lipigiwe mstari kwa penseli, kwa penseli tafadhali, na pembeni iandikwe unavyodhani lilipaswa kusomeka. Ya mdomo dirishani hayapokelewi. Mteja akibadili hata neno moja kwenye tafsiri yenye muhuri wetu, tafsiri hiyo si yetu tena: muhuri unabatilishwa, maombi yanaanza upya, na ada inalipwa upya.

Kuhusu usaili wa video, tumeulizwa mara nyingi. Bulgaria kutikisa kichwa kushoto na kulia ni kukubali, na kukiinua juu ni kukataa. Baadhi yao, wakijua anayewatazama ni mgeni, hugeuza ili kumsaidia, ndipo mambo yanapoharibika kabisa. Usikisie. Muombe aseme da, ndiyo, au ne, hapana.