Muziki wa kisinema kwa gita: maana yake na chimbuko lake

Muziki wa kisinema ni muziki wa ala, usio na mwimbaji, unaotungwa kana kwamba kuna picha inayopita mbele ya macho wakati unapopigwa. Filamu yenyewe si lazima iwepo. Mpiga gita anaweza kuketi chumbani kwake Tudor, hapa Mombasa, akatunga kipande cha dakika nne ambacho hakuna mwongozaji aliyekiagiza, na bado kikawa cha kisinema kwa jinsi kilivyojengwa. Mwingereza Brian Eno alitoa albamu nzima ya namna hiyo mwaka 1978: vipande vifupi vya muziki wa filamu, na nyingi za filamu hizo zilikuwa za kufikirika tu.

Tofauti yake na wimbo tuliouzoea iko kwenye umbo. Wimbo una beti na kiitikio, na msikilizaji hukaa akijua kiitikio kitarudi. Kipande cha kisinema hufuata tukio: mtu anafika, mtu anangoja, jambo linaharibika, mtu anaondoka. Muziki hubadilika kwa sababu jambo limebadilika, na kama halijabadilika unaweza kukaa kwenye noti moja nusu dakika nzima bila kuona haya. Ndiyo maana ukiupiga barazani, mzee mmoja hakosi kuuliza, "Mwanangu, wimbo unaanza lini?" Swali lake lina haki. Masikio yake yanangoja sauti ya mtu, na kazi ya mtungaji ni kumpa kitu kingine cha kufuata.

Kitu hicho aghalabu ni noti chache zinazomwakilisha mhusika. Zinaweza kuwa mbili tu. Mtaliano Ennio Morricone alifanya hivyo katika filamu ya Sergio Leone ya mwaka 1966, The Good, the Bad and the Ugly, yenye wahusika wakuu watatu. Wote watatu aliwapa noti zile zile, akabadilisha ala: mmoja filimbi, mwingine okarina, ambayo ni filimbi ndogo ya udongo, na wa tatu sauti za watu. Msikilizaji anatambua nani ameingia hata akifumba macho. Kwangu mimi, huo ndio msingi wa dhana nzima. Mtu akikuambia kipande chake ni cha kisinema, muulize ni noti zipi zinazobeba hadithi. Kama hana jibu, huenda ametunga muziki mtulivu tu, nao ni mzuri, lakini ni jambo jingine.

Kwa nini gita, wakati filamu zimezoeleka na okestra kubwa? Sababu mojawapo ni fedha. Morricone na Leone walipoanza kufanya kazi pamoja mwaka 1964 bajeti ilikuwa ndogo, wakatumia gita la umeme, mluzi na milio ya mijeledi mahali ambapo wengine wangejaza fidla, na sauti hiyo ikawa ndiyo chapa yao. Sababu ya pili imo ndani ya gita lenyewe. Fidla inaweza kushikilia noti kadiri mkono unavyovuta upinde, ila noti ya gita huanza kufa mara tu kidole kinapoachia uzi. Baada ya kila noti panabaki nafasi, na nafasi hiyo ndiyo picha inapokaa. Mmarekani Ry Cooder aliijua siri hii. Muziki wake wa filamu Paris, Texas ya mwaka 1984 umejengwa juu ya kipande kilichorekodiwa na Blind Willie Johnson mwaka 1927, gita la kuteleza na sauti ya mtu anayeguna bila maneno. Cooder anapitisha mrija juu ya nyuzi, noti inateleza kwenda juu, inatetemeka, kisha anaiacha ife. Jangwa lote limo humo.

Hao ndio wanaotajwa kila mahali. Mpiga gita wa Mombasa ana vyanzo vya karibu zaidi, na nasikitika kuona vinarukwa. Anza na taksimu. Kabla ya wimbo wa taarabu, mpiga udi hutangulia peke yake, bila mdundo, akiizunguka maqamu, yaani mpangilio wa noti ambao wimbo umejengwa juu yake, kidogo kidogo mpaka wasikilizaji waingie katika hali ya wimbo. Hakuna maneno, hakuna mtu anayehesabu mapigo, na bado watu wananyamaza. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi hapa Mombasa hadi alipofariki mwaka 2016, alikuwa bingwa wa jambo hili, na anayetaka kujifunza namna ya kufungua kipande polepole bila kumchosha mtu asikilize udi wake kwanza. Unguja nako kuna bashrafu, kipande cha ala tupu kilichotoka kwa Waturuki, ambacho vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vimekipiga kwa vizazi. Bashrafu ina sehemu nne, na baada ya kila sehemu hurudi kipande kile kile cha kuunganisha. Mtungaji akiikopa ramani hiyo, tayari ana safari yenye vituo.

Sinema yenyewe ilishaingia katika muziki wa mji huu zamani. Juma Bhalo alijulikana pwani nzima kwa kuvalisha mashairi ya Kiswahili melodi za filamu za Kihindi. Yeye alichukua melodi, akaitia maneno. Mpiga gita wa kisinema anachukua njia nyingine: anaacha melodi kwa mwenyewe, anaazima namna muziki unavyoiandama picha. Naona tofauti hii ni kubwa, kwa sababu wengi wanaosema wamevutiwa na Morricone huishia kupiga noti zake kwa gita jingine. Na mwenye hamu ya kusikia ala ikiimba badala ya mtu asisahau bango, mtindo wa muziki wa dansi wa pwani, na saksafoni ya mzee Joseph Ngala wa Freretown.

Tuchukue mfano wa kazi yenyewe. Tuseme mtungaji anataka kipande cha feri ya Likoni alfajiri. Filamu hana, kwa hiyo anaiandika kwanza kwenye karatasi: watu wanangoja, mlango wa feri unashuka, umati unamiminika, chombo kinavuka, watu wanatawanyika upande wa pili. Kisha anachagua mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, ili kila pigo liwe sekunde moja. Dakika nne ni mapigo 240, na sasa anaweza kugawa: 40 ya kungoja, 60 ya umati, na kuendelea hivyo. Watungaji wa filamu hufanya hesabu ya aina hii kila siku, kwa sababu tukio likidumu sekunde 17 muziki hauna ruhusa ya kudumu 20.

Halafu gita. Analegeza uzi wa kwanza, wa pili na wa sita kwa sauti nzima moja, yaani nafasi mbili za shingoni, nyuzi zisomeke re, la, re, so, la, re kutoka ule mnene. Mtindo huu ulienezwa na Mwingereza Davey Graham aliyekuwa Morocco mwanzoni mwa miaka ya 1960, akitafuta gita litakaloweza kwenda pamoja na udi. Unatufaa sana pwani. Uzi wa sita ukipigwa wazi, taratibu, unakuwa injini ya feri. Noti za mhusika ziko palepale mkononi: uzi wa nne wazi, kisha uzi huo huo ukibanwa nafasi ya kwanza shingoni, kisha ya nne, kisha uzi wa tatu wazi. Hiyo ni maqamu ya hijazi, na lile pengo pana kati ya noti ya pili na ya tatu ndilo linaloifanya isikike ya kwetu tangu mguso wa kwanza. Mlango unaposhuka, kidole gumba kinaanza kugonga ubao wa gita kwa mdundo wa chakacha, na noti zile nne zinarudi kwa kasi. Ng'ambo ya pili mdundo unakatika, noti zinarudi tatu tu, ile ya mwisho imeachwa. Sikio linaingoja.

Akitaka maqamu ya bayati badala ya hijazi atagonga ukuta, maana vyuma vya shingoni mwa gita havina ile robo sauti ambayo udi usio na vyuma unaipata bila taabu. Atauvuta uzi kwa kidole mpaka noti ipande kidogo, au atatumia mrija kama Cooder. Hapo mafunzo ya Texas na ya Lamu yanakutana kwenye kidole kimoja.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika rekodi za vijana wetu ni kujaza. Kompyuta ina okestra nzima bure, basi fidla zinaingia sekunde ya tano, ngoma kubwa ya kumi, kwaya ya ishirini, na gita linazama. Matokeo yake ni kama tangazo la filamu lisilo na filamu. Jaribio langu ni jepesi: zima kila kitu ubakishe gita pekee. Hadithi ikiendelea kueleweka, ongeza kimoja kimoja. Isipoeleweka, fidla haitaiokoa.

Na siku mtengeneza filamu atakapoupenda ule muziki wa feri na kuutaka kwa picha zake za bandari ya Kilindini, mpe kila ala katika faili lake: injini peke yake, noti nne peke yake, mdundo peke yake. Atahitaji kunyamazisha mdundo pale mhusika anapozungumza, na kuirefusha injini kwa sekunde anazotaka yeye.