Hornero haoki chochote

Juzi tena nimesoma kwamba hornero ni "ndege mwokaji, anayeoka kiota chake". Jamani. Hornero ni ndege mdogo wa kahawia iliyoiva, wa Argentina, Uruguay, Paraguay, Bolivia na Brazili. Hutembea chini akidonoa wadudu, na hujenga kiota cha udongo juu ya mti, nguzo ya ua, hata kwenye paa la nyumba. Tangu 1928 ni ndege wa taifa wa Argentina. Kumfahamu si kazi. Tabu iko kwenye jina.

Kwa Kihispania, horno ni tanuri. Ukiongeza -ero unapata mtu wa kazi hiyo: zapato ni kiatu, zapatero ni fundi viatu. Kwa hiyo hornero, akiwa binadamu, kweli ni mtu wa tanuri, anayeoka mikate. Hata jina lake la kisayansi, Furnarius rufus, limepita njia hiyohiyo, maana furnus ni tanuri kwa Kilatini, na ndilo lililozaa horno. Mpaka hapo mfasiri hajakosea kamusi. Amekosea ndege. Kilichowakumbusha watu tanuri ni umbo la kiota: kuba la udongo lenye mlango pembeni, mithili ya matanuri ya mikate ya mashambani kule.

Moto haupo kabisa. Dume na jike hubeba matope mdomoni, kidonge kimoja kimoja, wakachanganya na nyasi na mavi ya ng'ombe, wakakandika, jua likakausha. Aliyekulia nyumba ya udongo anaijua kazi hii. Ukichungulia mlangoni huoni yai, kwa sababu ndani kuna kiambaza kilichopinda, kinachoficha chumba cha kutagia. Kiota kizima hufika kilo 3 hadi 5. Fundi mwenyewe ana gramu 50 hivi. Na msimu ukirudi, mara nyingi hujenga kingine, cha zamani wakahamia ndege wengine.

Wapo pia wanaomwita mnana wa Amerika. Mnana anafuma, huyu hafumi hata jani.

Wabrazili wamejiepusha na tanuri, wao humwita joão-de-barro, yaani Yohana wa udongo. Sisi tukitaka la kwetu, "ndege mkandikaji" lingemfaa. Au mwacheni abaki hornero, kama pengwini alivyobaki pengwini.